Ukiniambia "Sikiliza Hii", Bando Ni Langu

Shemeji yangu wa Kizota tukikutana mjini haniiti jina. Ananiita promota. Cheo hicho nilikinunua kwa elfu kumi kumi za watu kumi na mmoja.

Ilikuwa miaka kadhaa nyuma, msimu wa Bunge la bajeti, Dodoma imejaa wageni na kila ukumbi una bango lake. Mimi nina steshenari Majengo, na siku hiyo kijana mmoja alikuja kutoa kopi za tangazo la dansi. Picha ya bendi ya zamani, wanaume wamevaa sare, mbele wapuliza tarumbeta wawili na mtu wa saksafoni, nyuma tumba na drams. Nilimtolea kopi hamsini na sikumuuliza hata swali moja. Jioni nikawatangazia wenzangu: jamani, wanakuja, na wanakuja kamili.

Tukaenda kwa bajaji nne. Saa tano usiku wakapanda jukwaani watu wanne. Mwimbaji alikuwa mwenyewe kweli, yule wa kwenye picha, na koo lake bado lipo. Vijana wawili wa kuitikia. Na kijana mwingine mwenye laptopu. Tarumbeta, saksafoni, tumba, besi, vyote vilitoka kwenye laptopu. Shemeji akaniinamia: "Shem, hii bendi au MC wa harusi?"

Kwenye msafara ule walikuwemo wanafunzi wawili wa UDOM. Hao niliwarudishia hela zao kesho yake, maana mwanafunzi na elfu kumi ni mambo mazito. Wengine walikataa kurudishiwa. Waliona kuniita promota kuna faida zaidi.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kidogo kwenye haya mambo ya kupendekezana muziki. Ukiniambia "albamu kali hii, isikilize", bando ni langu. Ukisema shoo ya fulani usikose, nauli ni yangu, na kiingilio, na usingizi wa usiku huo. Umeingia mfukoni mwangu, basi ingia kwa adabu. Haya ninayoandika nimejifunzia kwenye baraza la duka langu, ambako kila Jumamosi kuanzia saa kumi tunakaa watu sita saba na spika moja ndogo: Mzee mmoja mstaafu wa reli mwenye sanduku la santuri, dada muuguzi anayependa taarabu kuliko chakula, binti wa UDOM, shemeji huyohuyo, na wengine wa kuja na kuondoka.

Nianze na habari za bendi, maana ndizo zilizoniponza.

Swali langu la kwanza siku hizi ni moja tu: wanapanda wangapi? Sianzi na jina la bendi. Jina la bendi ni kama jina la basi. Rangi ileile, njia ileile, dereva na utingo wengine kabisa. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadili jina na bendi inabadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Wanamuziki nao hawakukaa sehemu moja. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, akapita Orchestra Safari Sound, halafu akarudi Msondo. Hassan Bichuka naye ameimba Msondo na ameimba Sikinde, mahasimu hao wawili ambao mashabiki wao walikuwa wakitambiana kama wa Simba na Yanga. Kwa hiyo mtu akikwambia "jana niliwaona Msondo", bado hajakwambia kitu. Nani alishika maiki? Nani alikuwa kwenye solo? Matarumbeta yalikuwepo?

Na kama tangazo limekujia kwenye simu, tafuta namba iliyoandikwa chini yake, piga. Mimi nimeshapiga mara nyingi. Mwenye ukumbi mkweli atakwambia "wanakuja sita, tarumbeta hamna" na wala hatachukia. Ukisikia "we njoo tu, utafurahi", kaa nyumbani.

Habari za vifo ndizo mbaya kuliko zote. Mzee wetu wa reli aliwahi kupokea ujumbe kwamba mwimbaji mmoja wa zama zake amefariki. Akafunga sanduku la santuri, akakaa kimya tangu saa kumi mpaka Magharibi. Kumbe mwimbaji yupo kwake, anakula mihogo. Ujumbe ulikuwa umepita mikononi mwa watu wanne kati yetu na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza umetoka wapi. Tuliweka sharti siku hiyo: msiba wa mwanamuziki hautangazwi barazani mpaka familia yake au chombo cha habari kinachojulikana kiseme. Ukiwahi kutangaza hupati zawadi yoyote.

Haya, shoo yenyewe. Watu wengi wakitoka kwenye dansi wanasimulia mambo mawili: watu walijaa, na ilikuwa moto. Kujaa kwa watu kunamhusu mwenye ukumbi, yeye ndiye anayehesabu tiketi. Mimi nataka nijue ulisikia nini, na ulisikilizia wapi. Ukikaa mbele kushoto, ubavuni mwa spika, utasikia besi na mtu wa kushoto tu, halafu utakuja kutuambia mpiga solo alikuwa dhaifu. Mpiga solo hakuwa dhaifu, ulikaa vibaya. Ushauri ambao ungeniokoa miaka mingi ni huu: mtafute fundi mitambo, yule aliyeinamia vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, ukasimame karibu naye. Sauti anaipanga kwa masikio yake kutokea pale alipo. Pale ndipo wimbo unapofika ukiwa mzima.

Hata ukirekodi kwa simu, rekodia hapo. Zile video za sekunde thelathini zilizochukuliwa chini ya spika, besi inakwaruza na mikono ya watu imejaa kwenye kioo, hazimsaidii yeyote. Zinaonyesha tu kwamba ulikwenda.

Dodoma ina lake. Shoo za uwanjani za Juni na Julai zinakutana na upepo wetu, na upepo huo huibeba sauti ya juu ukaiacha besi. Unasikia ngoma, maneno yanakwenda Kondoa. Kaa upande ambao upepo unatoka jukwaani kuja kwako, na vaa koti. Wageni kutoka Dar huja na fulana na saa sita usiku wanawakumbatia wapishi wa chipsi kwa ajili ya jiko. Kumbi zilizoezekwa bati bila dari nazo zina kasoro yao: sauti inagonga juu inarudi mara mbili, na drams zinakuwa kama sufuria. Ukisimulia shoo ya ukumbi wa namna hiyo, iseme bati. Usiitupie bendi lawama za paa.

Halafu ueleze ulifika saa ngapi. Bendi ya dansi huanza taratibu, nyimbo za kupasha, wakati mwingine hata waimbaji wakubwa hawajapanda. Mtu aliyeondoka saa nne hawezi kutuhukumia bendi iliyochemka saa saba. Na ndani ya wimbo ni hivyohivyo. Wimbo wa dansi una sehemu mbili, ya kwanza ya maneno, ya pili chemko, magitaa yanapoanza kufukuzana na watu wanaacha viti. Mimi naandika kwenye simu mambo matatu tu nikiwa palepale: wimbo gani uliwanyanyua watu, chemko ilidumu muda gani, na nani alinishangaza. Asubuhi kumbukumbu inakuwa imeshapambwa, lakini simu inasema kweli.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, Mzee wa reli amekwenda Dar mara mbili kwa ajili ya dansi na kurudi kesho yake. Huko nyuma alikuwa akisema hawezi kukaa basini siku nzima kwa sababu ya wimbo mmoja. Sasa anatuletea ripoti, na ripoti zake ni fupi mno: "Besi yupo. Waliobaki wanajitahidi." Nimemwambia hiyo haitoshi. Amesema inatosha.

Nilikaa miaka mingi hapa nikilalamika kwamba Dodoma ni mji wa mikutano na vumbi, muziki uko pwani. Ni aibu kulisema hilo ukiwa umeoa Mgogo. Mama mkwe wangu ni wa Mvumi, na siku moja alinisikia nikimsifia mtu gitaa akaniuliza taratibu, "Baba, na muheme umeshausikiliza?" Nikasema nimeuona. Akasema, "Nimeuliza kusikiliza."

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mwanamke anaibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, huku wenzake wanaimba na kutikisa mabega yenye shanga. Mgeni huangalia mabega. Mama mkwe alinifundisha kuacha kuangalia na kutafuta ngoma moja tu, ile isiyobadilika, niishike mpaka wimbo uishe. Ukishaishika hiyo, nyingine zote zinaanza kueleweka zinajibu nini. Na waimbaji ni vivyo hivyo: Wagogo huimba kwa sauti nyingi zinazopishana, kila mmoja ana njia yake, na ukijaribu kuzimeza zote kwa pamoja utachoka dakika ya pili. Chagua mama mmoja, mfuate yeye. Wimbo unaofuata chagua mwingine. Nimewapa ushauri huu wageni wengi wanaokwenda kwenye tamasha la muziki wa Wagogo kule Chamwino, na wengi wamerudi wakisema mbona ni muziki mwingine kabisa na ule waliouona mwaka wa nyuma.

Chamwino si mbali, unapanda gari la barabara ya Dar na unashuka kabla hujachoka. Nenda mapema asubuhi kabla jua halijawa kali, maana vikundi vinatoka vijijini na vingine vinaanza kuimba vikiwa bado chini ya miti, havijaitwa jukwaani. Kwangu hapo chini ya miti ndipo penyewe. Na ukifika salimia, "Mbukwenyi." Utajibiwa, na utaonyeshwa pa kukaa.

Kuna kisa cha ilimba. Ilimba ni ile ala ya ubao na vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na ya Wagogo ni kubwa, ina vyuma vingi, vingine havipigwi kabisa, vinatetemeka vyenyewe wenzao wakiguswa. Kwenye ubao kuna tundu linalozibwa na utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa ule mvumo, zzz, nyuma ya kila sauti. Nilipomtumia rafiki yangu wa Tabora wimbo mmoja wa Hukwe Zawose, mpiga ilimba wa Kigogo, alinijibu ndani ya dakika tano: "Faili limeharibika, spika inakwaruza." Kosa lilikuwa langu. Nilimpa muziki bila kumwambia asikilize nini. Nilimtumia tena nikamwambia, ule mkwaruzo umewekwa makusudi, mtu ametafuta buibui kwa ajili yake. Akasikiliza usiku kucha, na bando lake likaisha, na hakunilaumu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona namna ya kupendekeza albamu. Sema sikio lianzie wapi. Sema kuna ugumu gani njiani. Albamu ya Hukwe Zawose iitwayo Chibite, ya mwaka 1996, naipendekeza kwa mtu aliye peke yake, usiku, na spika za masikioni. Ukiiweka kwenye gari lenye kelele utasikia mvumo tu. Mzee Zawose alizaliwa Doduma, hapahapa mkoani kwetu, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, baadaye akaishi Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Kwa hiyo ukimwambia Mgogo kwamba umegundua mwanamuziki wa Bagamoyo, jiandae kusahihishwa.

Ukimaliza hiyo, chukua Maisha ya The Zawose Queens, ya mwaka 2024. Pendo Zawose ni binti yake Hukwe, Leah ni mjukuu. Katika kazi za ukoo ule wanawake walikuwa wakiitikia nyuma. Hapa wao ndio mbele. Mama mkwe alisikiliza nyimbo mbili, akasema neno moja la Kigogo ambalo mke wangu alikataa kunitafsiria, lakini alikuwa anacheka.

Kwa anayependa dansi na hajui aanzie wapi, mimi humpa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Namwambia mapema kwamba ilirekodiwa Uingereza, sauti imeoshwa, haina ule ukungu wa kanda za Redio Tanzania. Wapo wazee ambao kwao ukungu ndio utamu, na hawa usiwape hiyo kwanza. Dokta Remmy anaeleweka hata na mtu asiyependa magitaa, kwa sababu anakusemesha. Kule Dar mpaka kituo cha daladala Sinza kinaitwa Kwa Remmy, na sijui waziri gani amepewa heshima ya namna hiyo na makondakta.

Lakini mtu akiniuliza "nianze na albamu gani ya Sikinde", huwa namwambia swali lenyewe limevaa nguo isiyo yake. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa redioni ili zirushwe hewani. Hazikupangwa kama albamu. Nyingine zilitoka kwenye santuri ndogo, wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, maneno upande huu, chemko upande wa pili. Ndiyo maana faili lako linafifia katikati halafu linaanza tena. Hapo ndipo mtu alipoinuka kugeuza sahani. Kwa hiyo muziki huu unapendekezwa kwa zama na kwa mtu. Mwambie: tafuta Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, bendi aliyokwenda nayo hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, halafu tafuta Mbaraka wa Super Volcano, baada ya 1973, usikilize gitaa lake limebadilika nini. Alifariki Januari 1979 akiwa na miaka 34. Kazi ya hizo bendi mbili inatosha kukushughulisha mwaka mzima.

Tahadhari moja: flashi za nyimbo elfu moja zinazouzwa stendi zina majina ya kubahatisha. Nina wimbo mmoja umeandikwa majina matatu ya bendi tofauti kwenye flashi tatu. Kabla hujamtumia mtu na kumwambia "hawa ni Vijana Jazz", msikilizishe mzee mmoja. Wetu hutambua bendi kwa tarumbeta la kwanza, na akikosea hakubali.

Binti wa UDOM ndiye aliyenionyesha kupendekeza kwa ustadi. Alitaka Mzee asikilize singeli. Sisi wote tukaguna. Yeye hakusema ni kali, wala hakusema ndiyo muziki wa vijana. Alisema, "Babu, unakumbuka unavyotuambia chemko ni fupi siku hizi? Sikiliza dakika moja tu, halafu zima. Fuata kinanda, achana na maneno." Akamweleza kwamba mapigo hayo yalianza uswahilini Dar, vijana wakikata vipande vya taarabu na kuvizungusha kwa kasi. Dada muuguzi aliposikia taarabu akasogeza kiti. Mzee akasikiliza dakika moja, kisha ya pili, kidole kinapiga kwenye goti. Akasema, "Hii ni chemko tupu. Wimbo wameusahau nyumbani." Kisha akaomba arudishiwe mwanzo.

Jumamosi iliyopita shemeji alipita dukani kuchukua picha zake za pasipoti. Akaniuliza, "Promota, nasikia mwezi ujao kuna bendi inakuja." Nikamwambia na mimi nimesikia, wameleta tangazo nitoe kopi, na namba ya mwenye ukumbi ninayo, sijapiga bado.

"Basi piga," akasema, akavuta kiti. "Nasubiri."